Dizeli ya Bondeni

Kama wiki iliyopita gazeti lilikupita, pole, lakini sitarudia yote. Shika hili tu. Ilikuwa asubuhi ya kufungua msimu wa theluji, mji mzima wa Talbrook umekusanyika mbele ya kituo cha zimamoto, kila mtu na soseji yake kwenye kipande cha mkate. Nerida Haskew akapenya katikati ya watu na chupa ya dizeli mkononi, akamwambia Garth Mulvane kwamba yeye ndiye aliyemuua kaka yake. Na Garth, badala ya kukana, akafuta tomato sosi kwenye masharubu, akasema neno moja.

"Pima."

Hapo ndipo tulipoachana. Haya, twende.

Hakuna mtu wa Talbrook asiyejua kupima. Unajaza theluji kwenye ndoo, unaichanganya na chumvi ya mawe, unaizika chupa humo hadi shingoni, unasubiri. Dizeli ya mlimani inabaki angavu. Dizeli ya bondeni inaingia ukungu, halafu inaganda kama mafuta ya nyama kwenye sufuria iliyolala chafu. Mafuta yakiganda, injini inazima popote ilipo. Ndiyo maana wageni wote wanaopanda kuteleza kwenye theluji kule juu lazima wajaze kwetu kwanza, na ndiyo maana Garth, mwenye sheli ya pekee mjini, ana nyumba yenye madirisha makubwa kama milango ya gereji.

Mimi Garth sijawahi kumpenda, na nimekaa mji huu muda wa kutosha kulisema bila kupepesa macho.

Zoran Petkovic, mkuu wa zimamoto, jitu la miraba minne lisilopenda ugomvi, aliichukua ile chupa. Nerida akaeleza kwamba ameijaza mwenyewe alfajiri ile, kwenye pampu ya Garth, ile iliyoandikwa dizeli ya mlimani. Garth akakubali kwa kichwa. Zoran akaizika chupa kwenye ndoo, akawaambia watu waendelee kula. Nani wa kula? Soseji zilipoa mikononi.

Tukiwa tunasubiri, nikukumbushe kinachomchoma huyu dada.

Dougal, kaka yake, alikuwa dereva wa gari la mikate. Kila alfajiri anapandisha mikate kwenye mahoteli ya juu. Siku kama hii, mwaka jana, gari lilimzimikia juu ya lango la pili la barabara ya mlimani, tufani imeanza. Akatoka kwenda kutafuta msaada kwa miguu. Walimkuta mchana, amekaa ameegemea moja ya zile nguzo za kuonyesha ukingo wa barabara, na kofia yake iko magotini.

Kwenye tangi la gari walikuta dizeli ya bondeni. Na jana yake Dougal alikuwa ameshuka bondeni kumwona msichana wake. Basi, hakimu akaona mambo yako wazi: kijana alijaza huko, akasahau, akapanda nayo. Garth aliapa mbele ya hakimu kwamba asubuhi ile Dougal hakusimama kabisa kwenye sheli yake.

Mtu aliyezaliwa Talbrook, afe kwa dizeli ya bondeni. Hayo ni makosa ya watu wa jiji la Sydney, wanaokuja na magari ya kifahari wakidhani baridi ni jambo la kuvalia koti tu. Kwetu ni aibu ya ukoo. Vijana wa mahotelini wakaanza kusema, ukisahau glavu zako, kwamba "umefanya Dougal". Nerida anakodisha minyororo ya kufunga kwenye matairi yasiteleze, pale njia panda, na neno hilo amelisikia amepiga magoti kwenye theluji akifunga gurudumu la yule yule aliyelisema. Alikaza mnyororo, akamtakia safari njema, akaenda nyuma ya banda lake kutapika.

Siku hiyo akaapa. Jina la kaka yake litasafishwa, na aliyelichafua atalipa kwa mwili wake, si kwa barua ya pole. Hicho ndicho anachokitaka, na hataki kingine.

Zoran akainama kwenye ndoo. Akaitoa chupa, akaifuta kwa kiganja cha glavu, akainyanyua kwenye jua.

Angavu. Hata chembe ya ukungu hamna.

Watu walishusha pumzi, wengine wakaanza kutazama viatu. Garth aliichukua chupa, akaigeuza huku na huku kila mtu aione, kisha akaongea kwa sauti ile yake ya mazishini. Akasema Dougal alikuwa kama mdogo wake. Akasema huzuni humfanya mtu atafute wa kumlaumu, na yeye hana kinyongo. Ila, akasema, jina lake nalo lina thamani, na kamati ya mji, ambayo mwenyekiti wake ni yeye, wiki ijayo inagawa vibanda vya minyororo pale njia panda. Ingependeza mambo yakaisha hapa hapa.

Umeielewa hiyo? Omba msamaha mbele ya watu, au kibanda kiende kwa mwingine. Huyo ndiye Garth.

Nerida alimtafuta mumewe kwa macho. Wade Sorley alikuwa kwenye karai la kuchomea, anageuza soseji kwa koleo, kazi yake ya kila msimu. Siku nyingine zote Wade huendesha lori la mafuta kutoka bondeni. Ni mtu mpole, wa maneno machache. Dougal alipokufa ndiye aliyekuja kila jioni na kuni na supu, mpaka kiangazi Nerida akakubali kuolewa naye. Akaja sasa, akaweka mkono mgongoni kwa mkewe, akamnong'oneza aombe msamaha waende nyumbani.

Nerida akaumeza moto.

"Samahani, Garth."

"Walioko nyuma hawajasikia, mdogo wangu."

"Samahani."

"Imekubaliwa." Garth akatabasamu, na hapo ndipo alipokosea, kwa sababu mtu mwenye akili angeishia hapo. "Sasa malizia. Sema Dougal alisahau, sote tupumzike."

Mafuta ya soseji yalisikika yakichirizika kwenye karai. Nerida alifungua mdomo. Nadhani angelisema. Kibanda ndicho kinachomlisha, na alikuwa ameshashindwa mbele ya kila mtu anayemjua. Nadhani kabisa angelisema.

"Usiseme."

Aliyetamka hivyo ni Bi Oriel Tuckwell, mwenye duka la mikate. Dougal alikuwa dereva wake. Huyu mama tangu msiba hajawahi kufungua mdomo kuhusu kifo kile, hata kwa hakimu alisema hajui lolote. Akageuka, akavuka barabara kwenda nyuma ya duka lake, na watu wakadhani amekwenda kulia. Aliporudi alikuwa anavuta kigari cha kuteleza cha watoto, na juu yake kuna dumu la mafuta lenye vumbi la mwaka mzima.

Alilifikisha miguuni kwa Nerida. Akaeleza bila kumwangalia usoni. Asubuhi ile ya mwaka jana alikuwa kwenye gari la mikate, kiti cha pembeni. Dougal alisimama kwenye sheli ya Garth, akajaza tangi pampu ya mlimani, na bomba hilo hilo, bila kulirudisha mahali pake, akajaza dumu hili kwa ajili ya jenereta ya duka. Akamshusha dukani, akamwambia atarudi kunywa chai, akapanda mlima. Jenereta haikuwaka. Dumu likakaa bandani.

"Kwa hakimu ulisema hujui kitu," Nerida alimwambia.

"Jengo la duka ni la Garth. Nilimwogopa. Sina la kujitetea."

"Huna. Mimi na wewe tutaongea siku nyingine."

Zoran akafungua dumu, akaliinamisha juu ya ndoo tupu. Halikutoa kitu. Akalitikisa, akaliinamisha tena. Kikaanza kutoka kitu kizito cheupe, kinadondoka bonge bonge, kama uji uliosahaulika jikoni. Baridi ya bandani ilikuwa imeshafanya upimaji wenyewe, hapakuhitajika chumvi wala kusubiri.

Dizeli ya bondeni. Kutoka pampu ya mlimani. Ya Garth.

Mama mmoja nyuma yangu alisema jina la Dougal, polepole, na mwingine akalirudia. Zoran alikwangua kidogo, akatia kwenye chupa, akaifunga na kuiweka mfukoni, akasema hii ni ya polisi. Dumu lenyewe akalibeba ndani ya kituo, akaliweka ukutani karibu na hita liyeyuke, maana alitaka kuona lilikuwa na kiasi gani.

Garth sasa. Uso ulikuwa umebadilika rangi, lakini ulimi bado mzima. Akasema sawa, labda kulikuwa na hitilafu. Ila yeye ni mwenye sheli, hachukui bomba kumimina mafuta kwenye matangi ya chini. Hiyo ni kazi ya dereva wa lori.

"Muulizeni dereva," akasema. "Si yuko hapo na koleo mkononi?"

Msomaji, kuna vitu hata mimi ninayevisimulia naviona vizito. Nerida hakugeuka mara moja. Alibaki akimtazama Garth, na niliona shingo yake ikikataa kuzunguka. Kisha ikazunguka.

Wade aliweka koleo la soseji pembeni ya karai. Akaliweka sawa, likawa limenyooka, kana kwamba hilo ndilo lililokuwa na maana.

Alisimulia yote, na sauti yake haikupanda wala kushuka. Sheli ina matangi mawili chini ya ardhi, moja la dizeli ya mlimani, moja la bondeni kwa ajili ya matrekta ya wafugaji. Theluji ilikuwa imefunika mifuniko, rangi hazionekani. Badala ya kuisafisha akaenda kwa mazoea, akafungua mfuniko uliokuwa mkono wa kulia. Ukawa sio: dizeli ya bondeni ikaingia kwenye tangi la mlimani. Alikwishamaliza kumimina alipoteleza, kisigino kikafuta theluji, akaiona rangi. Akakimbia ndani kumwambia Garth. Garth alikuwa dirishani, anaangalia gari la mikate likiingia barabarani.

"Mlikuwa na redio?" Nerida akauliza. Anajua kwamba kila gari linalopanda mlima lina redio ya upepo. Alitaka kulisikia kutoka kwake.

"Tulikuwa nayo."

"Iko wapi?"

"Mkononi mwangu."

"Na?"

Wade akasema Garth alimshika kiganja. Akamwambia ukiita, madereva wote wa mlimani wanasikia, na sheli inafungwa siku ya kwanza ya msimu. Akamwambia baridi bado si kali, Dougal atafika juu kabla mafuta hayajaganda, akishuka watamtilia mengine kimyakimya. Akamwambia subiri kwanza.

"Ukasubiri."

"Nikasubiri."

"Mpaka lini?"

Wade alitazama chini, na machozi yalimtoka bila sauti. Mimi sikumhurumia, nakwambia ukweli.

Nerida alimsogelea karibu kabisa, wakawa kama watu wanaotaka kucheza dansi. Akamwuliza zile kuni za kila jioni, na ile supu, alikuwa akija kumfariji au kumchunga.

"Mwanzo kukuchunga," Wade akasema. "Garth alitaka kujua unashuku nini. Halafu nikakupenda, Nerida. Nikashindwa pa kuanzia."

Tulingoja alie. Au ampige, kila mtu angeelewa. Wanawake wawili walishaanza kusogea wamshike. Nerida akavua pete yake, akaitazama, akairudisha kidoleni. Akaingia ndani ya kituo.

Alitoka na lile dumu.

Lilikuwa limeyeyuka. Ulilisikia likichezacheza maji maji kila alipopiga hatua. Akatembea nalo moja kwa moja hadi kwenye pikapu ya Wade, iliyoegeshwa pua ikielekea barabara ya mlimani. Tangi la Wade lilikuwa karibu tupu tangu juzi, naye alikuwa, akisubiri sherehe iishe akajaze. Nerida akafungua mfuniko wa tangi, akainua dumu begani, akamimina lote hadi tone la mwisho. Akalitupa kwenye theluji.

"Wade, shika usukani."

Sasa watu wakaelewa. Juu ya kilele wingu lilikuwa limeshuka, lile la kijivu linalokuja upande wa magharibi, na kila mmoja wetu analijua. Malango ya barabara yalikuwa bado wazi. Zoran akaanza kusema kitu kuhusu sheria. Nerida akamkatiza akamwuliza kama mwaka jana kuna aliyemzuia Dougal.

"Tunakwenda pale alipozimikiwa," akasema. "Gari likifika, vizuri, tutashuka tumsalimie. Likizima, tutatembea, kama yeye. Mimi nakaa katikati. Garth, mlango wako ni ule pale."

Garth akacheka. Akatazama huku na huku apate wa kucheka naye. Akasema huyu mwanamke amechanganyikiwa, mnamwona, kuna wingu lile, mnataka watu wafe? Akamgeukia mkuu wa zimamoto, akamwamuru amzuie. Alisema hivyo hivyo, kwa kuamuru, kama anavyoamuru kwenye vikao.

Zoran alimtazama Garth usoni.

"Mimi ndiye niliyembeba Dougal kuja chini," akasema. "Aliganda akiwa amekaa. Hatukuweza kumlaza. Alishuka mlima mzima amekaa mapajani mwangu kama mtoto, na wewe ukaja kutushikia mlango wa gari la wagonjwa."

Kisha jitu lile lisilopenda ugomvi likatembea hadi kwenye pikapu, likafungua mlango wa abiria, likasimama limeushika.

Garth alirudi nyuma hatua moja akagota kwenye kifua cha mtu. Akajaribu kushoto. Hapakuwa na njia. Hakuna aliyemgusa, hakuna aliyemtukana, watu walikuwa wamesimama tu na mikate yao, majirani aliowauzia mafuta maisha yao yote, na hakuna aliyesogea. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilikuwa mbele kabisa.

Wade alishaingia. Hakuambiwa mara mbili, hakulalamika, alikaa nyuma ya usukani amenyoosha mikono. Nadhani tangu mwaka jana alikuwa akisubiri mtu amwambie apande. Nerida akaingia akakaa katikati, magoti pamoja. Na mwisho Garth Mulvane, mwenyekiti wa kamati, akapanda, na koti lake zuri likabanwa na mlango Zoran alipoufunga.

Injini iliwaka mara ya kwanza. Mafuta yalikuwa bado ya moto.

Bi Oriel alikimbilia dirishani, akagonga kioo, analia sasa, anamsihi Nerida asiende, inatosha, jina la Dougal limeshasafishwa, kila mtu amesikia. Nerida akapitisha mkono mbele ya Garth, akashusha kioo. Chembe za kwanza za theluji zikaingia ndani ya gari, zikatua kwenye mapaja ya watu wote watatu.

Nerida alimwita Zoran, ambaye redio kubwa ya kituo iko chini yake, na ambaye kila anayekwama mlimani humwita.

"Zoran, utawasikia hawa wakiita," akamwambia. "Wakiita, subiri kwanza."

Akapandisha kioo, na Wade akatia gia.